Askari Alisema Ruko

Mwanangu anasema nimepotewa na akili. Hasemi kwa siri. Alisema mezani, Jumapili mchana, mbele ya mke wake na wageni wawili wa hekaluni, huku ananipakulia wali kana kwamba mimi nimekatika mikono.

"Ba haelewi tena anachoambiwa."

Ba ni mama, kwa Kigujarati. Wageni wakaangalia sahani zao. Mwanangu akaendelea, kwamba ameshanipangia daktari wa kumbukumbu, na daktari akithibitisha, nyumba yangu ya Kenton, hapa London, itauzwa, nami nitahamia kwake Wembley, chumba cha nyuma, kile chenye mashine ya kufulia nguo.

"Kwa usalama wako," akasema.

"Usalama wangu au wa mashine?" nikamuuliza.

Hakucheka mtu. Nyumba hiyo nimekaa miaka arobaini na mitatu. Mume wangu alifia mle, kwenye kiti chake, anasubiri chai. Najua ngazi ipi inalia na bomba lipi linataka kupigwa kofi. Sasa niambiwe nikalale na mashine, kisa ni neno moja nililolisikia vibaya juu ya mlima.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyojifunzia kuandika, Tanga, kabla baba hajanitoa shule darasa la nne nikamsaidie mama. Sababu ya pili ni kwamba mwanangu hakisomi. Na majina ninayo yote: ya wageni wale wawili na ya mama zao, ya kila mwanamke aliyelala na mimi ukumbini kule mlimani, hata la farasi aliyenikanyaga kidole. Siandiki hata moja. Nikianza kuyataja sitamwacha mtu.

Mlima wenyewe uko India, Himalaya, na juu kabisa pana hekalu la Mungu wetu Shiva. Nilimwahidi Shiva kwamba nitaupanda. Mwanangu alikuwa na miaka sita, kashikwa na homa ya matumbo, na daktari wa Tanga alikuwa ameacha kuja, anatuma salamu tu. Nikakaa chini sakafuni nikasema: akipona huyu, nitapanda mlima wako kwa miguu yangu, mwezi wa Shravan. Shravan ndio mwezi wa Shiva, wanawake tunafunga kila Jumatatu. Huko India ndio mwezi mvua inapomwagika kama imekosewa. Mimi sikuwa nimeuona mlima wala mvua ya kule. Tanga tuna masika, nikadhani mvua ni mvua.

Kijana akapona. Likaja duka, ikaja safari ya London, yakaja magonjwa ya mume wangu, miaka ikapita mmoja unausukuma mwingine. Mume wangu alipokufa nikasema sasa zamu yangu.

"Mimi sikukuomba uahidi chochote," mwanangu akaniambia.

"Ulikuwa hujui hata jina lako. Ungeombaje?"

Mke wake akaingilia na sauti yake ya kubembeleza watoto. "Mummy, nenda mwezi wa tano, kama watu wote. Kuna helikopta. Dakika saba umefika."

"Helikopta ina miguu yangu?"

"Una miaka sabini na saba!"

"Ndiyo maana siwezi kungoja mingine."

Nikamwambia mwanangu basi anifuate. Wakakaa chumba cha pili wakinong'ona, mlango wazi, kana kwamba mtu akizeeka masikio yanakuwa ya mapambo. Kisha wakarudi na hukumu. Hakuna atakayenisindikiza. Nikitaka kwenda, niende peke yangu. Walidhani neno "peke yangu" litanikalisha chini. Mimi nililichukua kama ruhusa.

Nikajitayarisha mwaka mzima, na nataka hili lijulikane, maana sasa wanasimulia kama nilitoka nyumbani na ndala. Kila siku nilipanda kilima cha Harrow na kushuka, na siku za mvua ndizo nilizopanda mara mbili. Watu wa kwenye basi walinizoea: mwanamke wa sari na buti. Buti nilinunua kubwa kidogo, kwa sababu ukishuka mlima vidole vinasukumwa mbele na kucha zinakufa. Nikapimwa moyo. Nikatafuta bima, watatu walinikataa kwa simu kabla sijamaliza kutaja umri, wa nne akakubali. Nguo nilizifunga kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, kwa sababu kule kitu kikilowa hakikauki mpaka urudi kwenu. Namba ya simu ya nyumba ya wageni niliishona ndani ya blauzi, kwenye kitambaa, kwa uzi mwekundu. Mke wa mwanangu aliuona uzi ule akamwambia mumewe nimeanza uchawi.

Na mlimani nilikuwa na kanuni zangu. Nilianza kutembea kukipambazuka na kuacha saa nane mchana, nimefika nisifike, kwa sababu mvua kubwa na mawe huja alasiri. Farasi wa mizigo akipita, nasimama upande wa mlima, siyo upande wa korongo. Wanaosimama upande wa korongo ili wapige picha ndio wanaosukumwa. Mto nilikuwa nautazama rangi. Ukiwa wa kijivu, twende. Ukigeuka kahawia ghafla, ujue huko juu pameporomoka kitu na kinakuja. Nililala ukumbi wa wanawake tu, kichwa juu ya begi. Na mwanaume yeyote aliyeniuliza, "Mama, uko peke yako?" nilimjibu, "Mwanangu yuko nyuma, anafunga kamba za viatu." Siku nne kijana wangu alifunga kamba. Walikuwapo waliomhurumia.

Kanuni ya juu ya zote ilikuwa hii: mtii askari. Njia ile ina askari wa kuangalia mahujaji, wanakagua karatasi zako, na mvua ikizidi wanafunga njia. Askari akisema kaa, unakaa. Akisema nenda, unakwenda. Nilijiapia hivyo uwanja wa ndege, na sikuvunja.

Siku ya nne asubuhi mvua ilipiga tangu alfajiri. Tulifika mahali ambapo kijito kinakata njia. Siku nyingine mtu angekivuka kwa kukanyaga mawe mawili. Siku hiyo kilikuwa kimefura, kinabeba matawi, kinanguruma mpaka unaongea na jirani yako husikii sauti yako mwenyewe. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama. Mimi sikuwaona kama wamesimama kwa kuzuiwa. Nilidhani wanasitasita, na nikawadharau kidogo. Nikapita katikati yao na fimbo yangu, mpaka ukingoni. Upana ulikuwa kama wa mtaro wa barabara ya kwetu Tanga, si zaidi.

Askari alikuwa pembeni, amevaa koti la mvua, ameinua mikono yote miwili. Akapiga kelele:

"Ruko! Mataji, ruko!"

Mataji ni mama. Hilo nilisikia vizuri. Na "ruko" ni Kihindi, maana yake simama. Sisi Wagujarati tukitaka mtu asimame tunasema "ubha raho", lakini hicho Kihindi cha filamu nakijua, siwezi kujitetea kwamba sikijui. Ila mimi ni mtoto wa Tanga. Masika yakija, mitaro inajaa maji mpaka barabarani, na wasichana wenzangu wa mtaani wameshavuka, wako ng'ambo wananingoja, wananipigia kelele mimi mwoga wa Kihindi na viatu vyangu vipya: "Ruka! Ruka we!" Masikio yangu hayajawahi kusikia neno hilo pamoja na ngurumo ya maji isipokuwa kwa maana moja. Mtu kainua mikono, maji yanavuma, anasema ruk-, na mwisho wa neno maji yameumeza.

Nikamtii askari. Nikaruka.

Nilipokuwa hewani ndipo Kihindi kikanirudia. Nikasema moyoni, ala, amesema simama. Lakini ukishakuwa hewani huwezi kusimama.

Mguu mmoja uligusa ng'ambo, mwingine ukaingia majini mpaka gotini, na maji yale yalinivuta kwa nguvu ambayo sijaisahau. Fimbo ndiyo iliyoniokoa, nilikuwa nimeichomeka kwenye udongo. Nikatambaa kwa tumbo. Sitaki mtu asome hapa adhani ninajisifu. Ningekufa. Mwanamke mwenye kichwa timamu akiliona lile jito angekaa chini ale karanga mpaka lipungue.

Askari alivuka baada ya saa nzima, kwa kamba, akanifuata na kunifikia. Alikuwa na hasira mpaka masharubu yanatetemeka. "Mataji, wewe ni kiziwi au ni kichaa? Chagua kimoja niandike." Nikamwambia nilidhani anasema ruka. "Ruka ni nini?" Nikamwonyesha kwa vidole viwili kwenye kiganja: hop. Akanitazama kama amekutana na shetani. Hakuweza kunirudisha, maji yalikuwa yamezidi, kwa hiyo alinisindikiza hadi juu akinigombeza kila kona, na mlangoni mwa hekalu akanigombeza mara ya mwisho kisha akavua kofia yake akasali pembeni yangu. Nikatimiza ahadi yangu nikiwa nimelowa, nimechubuka, na nimetukanwa. Sikusikia amani yoyote ile wanayoisema watu. Nilisikia baridi.

Sasa, kati ya wale ishirini waliosimama palikuwa na mtu na simu. Watu wa leo mtu akifa mbele yao wanageuza simu ilale ili picha itoshe. Video ikazunguka, ikafika kwenye kundi la simu la hekalu letu, hapa hapa, kabla mimi sijafika. Kibibi cha koti la bluu, askari anapiga kelele, kibibi kinaruka. Chini yake vikaragosi vya kucheka, safu kwa safu. Mwanangu alinipokea uwanja wa ndege bila kunigusa miguu, kama mtoto wa kwetu anavyomwamkia mzazi. Akaninyooshea simu.

"Anasema simama, Ba. Dunia nzima inasikia anasema simama."

Nikamweleza. Tanga, mitaro, ruka. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mke wake akamwambia, kwa Kiingereza, akidhani Kiingereza kinanipita juu ya kichwa, kwamba ndivyo wanavyoanza, wanatunga hadithi. Wiki mbili baadaye ndiyo ile Jumapili ya wali.

Wa hospitali alipopiga simu kuuliza lugha ya mgonjwa, ili walete mkalimani, mwanangu akajibu Kigujarati. Nilikuwa nimekaa karibu. Nikasema kwa sauti, "Swahili!"

"Ba, acha mchezo."

"Swahili, please!" nikapaza mpaka yule wa simu akasikia. Alikuwa mtu wa haki, akaandika alichosema mgonjwa. Mwanangu akaona ni dalili nyingine. Lakini mimi nilijua ninachofanya. Wakalimani wa Kigujarati wa upande huu wote tunasali nao. Daktari angeniuliza leo ni siku gani, na kabla sijafika nyumbani jibu langu lingekuwa limeshafika dukani kwa muuza sambusa.

Siku ya daktari mkalimani alichelewa. Akaingia anahema, mwanamke wa makamo, kajitanda vizuri, Mmombasa. Alitoka Woolwich, treni mbili na basi. Akaangaza chumba kizima juu ya kichwa changu.

"Bibi wa Kiswahili yuwapi?"

"Ndiye mie."

"Wewe?"

"Mie. Wa Tanga."

"Ah! Shikamoo, bibi. Nalikuwa namtafuta mtu mweusi."

"Marahaba. Na mie nilikuwa natafuta mtu atakayewahi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mwanangu akatazama saa.

Daktari alikuwa msichana, mpole wa kutisha. Akanipa maneno ya kukumbuka, nikayakumbuka. Akanipa jina na anuani ya mtu asiyekuwepo, nikaishika. Akaniambia nichore saa, nikachora, nikamuuliza anataka na mkono wa sekunde. Akaniuliza anayeongoza nchi hii ni nani. Nikamtajia. Nikamtajia na aliyemtangulia, na aliyemtangulia huyo, nikirudi nyuma mmoja mmoja mpaka yule aliyekuwepo siku tuliposhuka kwenye ndege na mwanangu kavaa kaptula kwenye baridi. Mkalimani alikuwa anarudia majina nyuma yangu, mara akaacha, akasema majina ni yale yale. Daktari akaweka kalamu chini.

"Majina si tatizo," mwanangu akasema haraka. "Majina hata ya mbuzi anayajua. Tatizo ni kuelewa. Tazama mwenyewe, daktari." Akaitoa simu, akaiweka mezani, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Maji yakanguruma ndani ya kile chumba kidogo. Askari akapiga kelele. Kibibi kikaruka.

Mkalimani alikuwa ameinamia simu na sisi. Akatoa macho. "Yallah! Huyu askari ana wazimu?" akaniambia. "Mwanamke mzima, mtu mzee, yuwamwambia aruke?"

Niliangalia mikono yangu. Nilijua nikifungua mdomo nitaharibu.

Daktari akauliza amesema nini. Mkalimani akaeleza kwa Kiingereza: kwenye video askari anamwamuru bibi aruke maji, na bibi anaruka, naye mkalimani haelewi mgonjwa analaumiwa kwa lipi.

"Hapana!" Mwanangu akainuka. "Anasema ruko! Ni Kihindi! Ruko ni simama!"

"Kihindi mimi sikijui," mkalimani akamwambia. "Mimi nasikia ruka. Weka tena."

Wakaweka tena. Wakaweka mara ya tatu. Daktari, ambaye hana lugha yoyote katika hizo, alikuwa anaangalia nyuso zetu, siyo simu. Kisha akamuuliza mwanangu kama mama yake aliwahi kumweleza hivi. Mwanangu akasema aliwahi. Daktari akauliza, naye alimjibu nini. Mwanangu akaichukua simu yake mezani, akaitia mfukoni.

Lilibaki jambo moja kwenye karatasi yake, kwamba mgonjwa aandike sentensi yoyote, iliyo kamili, kwa lugha anayotaka. Akanisogezea kalamu. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, herufi zimesimama kama watoto wa mstarini. Nikaandika: *Siondoki nyumbani kwangu.* Mkalimani akaisoma kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, neno kwa neno, na alipokuwa anasoma kwa Kiingereza alimwangalia mwanangu.

Daktari akasema kichwa changu kiko sawa kuliko vingi vinavyopita pale. Akaandika nikapimwe masikio. Na akasema nyumba ni yangu, uamuzi ni wangu, hakuna karatasi atakayoitia sahihi kusema vingine.

Mkalimani alikwenda zake mbio, ana mgonjwa mwingine. Tukabaki wawili kwenye korido, mimi na mwanangu, chini ya bango la kunawa mikono. Nilingoja aombe radhi. Nilikuwa nimeshatayarisha jinsi nitakavyoikataa.

"Nilikuwa kazini," akasema. "Ilipoingia ile video. Nilikuwa kwenye mkutano. Nikaifungua chini ya meza. Sikujua mwisho wake, Ba. Nilikuona unapita katikati ya watu, nikajua ni wewe kwa jinsi unavyowasukuma. Watu wanacheka kwenye kundi, na mimi sijui mwisho wake."

"Mwisho wake nilifika."

"Mimi sikujua!"

Muuguzi akageuka kututazama. Mwanangu akashusha sauti, lakini ilikuwa sauti ya meno. "Unadhani nataka nyumba yako? Nataka nisikuone tena ukifa kwenye simu."

Hapo pengine mama mwingine angemshika mkono. Nilimtazama, mtu wa miaka hamsini na kitu, kipara, kavaa tai, na nikamwona pia yule wa miaka sita juu ya kitanda. Lakini alinipakulia wali mbele ya watu. Alisikia maelezo yangu akayaita ugonjwa. Woga wake aliugeuza kitasa, akataka kunifungia nao.

"Ulinikataza, nikakwambia nifuate," nikasema. "Ungekuwepo pale ukingoni ungenishika sari. Hukutaka kuja. Sasa usinilaze na mashine kwa sababu wewe uliogopa."

"Na ukianguka ngazini? Peke yako?"

"Nitaanguka kwenye ngazi zangu."

"Usinipigie, basi."

"Sitakupigia."

Akaondoka na gari lake, mimi nikapanda basi. Huu ni mwezi wa tatu hajakanyaga Kenton. Masikio nimepima, la kushoto ni bovu, nimepewa kidude cha kuvaa. Dalali aliyekuja kupima vyumba nimemwambia mlangoni asirudi. Jioni simu inalia, ni mwanangu, anauliza nimekula nini. Namwambia: dengu na mchicha. Anasema haya. Anakata, na mimi nakata.